Karatasi Yenye Jina la Mama Sella

Siku niliyostaafu na kukabidhi funguo za chumba cha mashine, mmoja wenu mafundi vijana aliniuliza kwa nini kila ofisi niliyoihudumia ina daftari la mkono lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya seva. Aliuliza kwa adabu, lakini macho yalikuwa yanacheka. Siku hizi mashine inajiandikia kila kitu yenyewe, sasa huyu mama anang'ang'ania kalamu ya nini? Sikumjibu pale pale kwa sababu chai ilikuwa inapoa na watu wa hotuba walikuwa bado kwenye foleni. Jibu ni hili, na ni refu. Mambo ya vyeo mtayasoma kwenye faili langu, kama panya wamebakisha kitu.

Kazi hii niliianzia Buruburu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, katika ofisi iliyokuwa ikichapa mitihani ya majaribio ya shule za msingi za Eastlands. Ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la sare za shule. Mwenyewe alikuwa Mwalimu Kilonzo, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Machakos, na ofisi aliiendesha kama shule: kengele saa mbili, maombi, kazi. Wachapaji walikuwa kumi na wawili. Mimi nilikuwa nakaa Umoja, na kila asubuhi nilipita soko la Mutindwa kwa miguu, viatu vya ofisi nimevibeba mkononi visiingie tope. Siku ya kwanza Mwalimu alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso. Nikavaa viatu pale mlangoni, na mahojiano yakaendelea.

Mwalimu alikuwa na hofu moja tu duniani, nayo ni mtihani kuvuja. Karatasi ya darasa la nane ikionekana mtaani kabla ya siku yake, shule zote zingemkimbia kwa wiki moja. Adui wake mkubwa alikuwa disketi. Alisema kitu kile kinaingia hata ndani ya Biblia, na mtu anatoka nacho mlangoni akiwa anaimba. Alitaka mpango ambao mchapaji ataandika mtihani kutwa nzima, na jioni aende nyumbani bila kuweza kubeba hata mstari mmoja.

Nikamwambia mpango huo upo. Tutaweka mashine moja yenye nguvu, seva, kwenye chumba cha kufungwa kwa kufuli. Mezani kwa wachapaji tutaweka kompyuta kuukuu tulizozitoa matumbo, zisizo na pa kutia disketi: ni skrini, kibodi na waya. Mchapaji anaandika jina lake na neno la siri, anaingia kwenye ile mashine kubwa, anapewa nafasi yake ndani. Anachokiona mbele yake hakifanyiki mezani pake, kinafanyika kule chumbani, na watu kumi na wawili wanaitumia mashine moja kwa wakati mmoja bila kuonana. Ni kama jiko moja lenye madirisha kumi na mawili ya kupokelea chakula. Mwalimu akauliza, "Na jiko likizimika?" Nikamjibu kwamba haliwezi kuzimika ovyo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na nilijua kila kitu.

Waya alizipitisha Mzee Wafula. Alikuwa Mbukusu mmoja mrefu, mpole, aliyefanya kazi ya nyaya za simu maisha yake yote, na ndiye aliyenifunza kazi hii kuliko chuo chochote. Alikuwa na kanuni ambayo hakuivunja hata alipokuwa na njaa: kila waya huandikwa jina pande zote mbili. Siku moja nilimharakisha, nikaandika upande wa meza tu, nikasema upande wa pili tutajua wenyewe. Aliteremka ngazi polepole, akafuta maandishi yangu kwa kitambaa, akasema, "Mama, upande mmoja ni kubahatisha. Anza tena." Nikaanza tena. Meza zilikuwa kumi na mbili na dari ilikuwa na vumbi la tangu nyumba ijengwe.

Sasa niwaambie makosa yangu ya mwanzo, maana nanyi mtayafanya. Programu ya kuchapia niliiweka kama nilivyozoea kuiweka kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Ikakubali bila neno. Kesho yake msichana wa meza ya dirishani akaongeza ukubwa wa herufi, na wenzake wote wakaanza kuandika herufi za mabango ya mkutano wa injili. Mashine ya watu wengi ina amri ya kuiambia kwamba unachokiweka sasa ni cha wote, ila mipangilio ya kila mtu ikae kando. Unaitoa amri hiyo kwanza, unaweka programu, kisha unairudisha mashine katika hali yake ya kawaida. Nilikuwa nimeiruka. Nikaifuta programu, nikaiweka upya, na huyo msichana akanisalimia "Sasa, Madam Herufi" kwa mwezi mzima.

La pili lilikuwa neno Amina. Kila asubuhi mashine ilikuwa inaganda saa mbili na dakika kumi, inakaa kimya kama mtu aliyeulizwa deni, kisha inaamka. Nilibadilisha hiki, nikabadilisha kile, wapi. Hatimaye nikasimama nyuma ya chumba wakati wa maombi, macho wazi, Mungu anisamehe. Mwalimu aliposema Amina, mikono ya watu kumi na wawili ilishuka kwenye kibodi kwa pamoja. Kuingia ndiyo kazi nzito kuliko zote kwa mashine kama ile, na sisi tulikuwa tunaibebesha mizigo kumi na miwili kwa neno moja. Nikaomba safu ya dirishani waingie kabla ya maombi na safu ya ukutani baadaye. Mwalimu alifikiri kidogo, akakubali, mradi safu ya dirishani wafumbe macho maradufu wakati wa maombi, wasichungulie skrini. Haikuganda tena.

Mchapaji mkuu kwa umri alikuwa Mama Sella. Alikuwa amechapa kwa taipureta miaka ishirini, na alikuwa na vidole ambavyo havikurudi nyuma kufuta. Alitoka pande za Bungoma, alikaa Umoja mtaa wa pili na kwangu, na aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu, mjane mwenye binti mmoja, Sella, aliyekuwa darasa la nane. Siku ya kwanza alileta kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe kwa sindano, akafunika skrini yake, vile tunavyofunika televisheni na viti nyumbani. Nikamwambia kitambaa kinaziba matundu ya hewa na skrini itaungua. Akakikunja mara mbili, akakiweka chini ya kibodi. "Basi itakuwa na mkeka," akasema. Hapo hakikumdhuru mtu.

Yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu bora. Somo la kwanza kabisa, kabla waya hazijafika, niliwafunza kwa kompyuta moja ya kawaida iliyokuwa pembeni. Nilisema na kurudia: ukimaliza kazi usizime kwa swichi, utaharibu. Nenda kwenye menyu, chagua Zima, subiri skrini iwe nyeusi, ndipo uinuke. Mama Sella aliandika hayo kwenye kijitabu chake, akapigia mstari neno subiri. Mpango wa seva ulipoanza, menyu zao hazikuwa na Zima, zilikuwa na Toka peke yake, kwa hiyo walikuwa wanatoka tu. Sikuona haja ya kulifuta lile somo la kwanza. Nani afute kitu ambacho hakipo?

Kisha ikaja wiki ya mitihani ya darasa la nane. Jumatatu, ile programu ya kuchapia ikaanza kukataa kuhifadhi michoro. Nilitafuta sababu nikaona ni ruhusa: ilitaka kuandika mahali ndani ya mashine ambapo mchapaji wa kawaida haruhusiwi kugusa. Dawa sahihi ilikuwa kutafuta mahali hapo na kupafungua hapo tu. Ingechukua siku nzima. Dawa ya haraka ilikuwa kuwapa wote kumi na wawili uwezo wa fundi, uwezo wangu mimi, wafanye watakalo. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu na saa mkononi. Nikawapa. Michoro ikahifadhiwa, wakanipigia makofi, nikajiambia nitarekebisha wiki ikiisha. Sikuandika popote, sikumwambia yeyote.

Jumanne asubuhi nilifika nikaikuta seva imesimama, imeandika kwamba sasa ni salama kuizima. Jumatano vilevile, Alhamisi vilevile. Nikadhani Mwalimu anaisimamisha jioni kwa kuogopa bili ya stima, maana ufunguo wa pili ulikuwa wake. Naye, nilikuja kujua, alidhani ni mimi. Hatukuulizana. Nikawa naiwasha tu na kuendelea.

Alhamisi hiyo, saa kumi kamili, nilikuwa ofisini kwa Mwalimu nikichomoa karatasi iliyokwama kwenye mashine ya kuchapisha. Nikasikia ukumbi umenyamaza. Sauti ya vibodi kumi na viwili ukiizoea, ukimya wake unaushtukia kuliko kelele. Nikatoka. Skrini zote zilikuwa nyeusi na wachapaji wameinua mikono hewani, hawajui pa kuiweka. "Fundi, imetuangusha wote," msichana wa dirishani akasema. Taa zilikuwa zinawaka, kwa hiyo si stima. Mama Sella hakuwepo. Alhamisi alikuwa na ruhusa ya kuondoka saa kumi kwenda mazoezi ya kwaya, wenzake wakibaki hadi saa kumi na moja.

Tulipoiwasha, kazi ya muda wa saa mbili ilikuwa imepotea, na karatasi ya Sayansi, yenye michoro yote, ilikuwa imeharibika hata haifunguki. Mzee Wafula alikuja akapima waya zake moja moja mpaka jua likazama. Zote zilikuwa nzima. Nilimwona ameudhika, si kwa kuitwa bali kwa kushukiwa.

Ijumaa asubuhi nikafungua orodha ya matukio, ile ambayo mashine hujiandikia. Ilisema wazi: seva imezimwa saa kumi kasoro dakika moja, na aliyeizima ni Nafula, jina la Mama Sella la kuingilia. Sitawaficha, nilifurahi. Nilifurahi kwamba si waya, si mashine, si mimi. Nikachapisha ukurasa ule mmoja, nikaupeleka kwa Mwalimu ukiwa bado una joto.

Mwalimu aliusoma mara mbili. Kisha akasema polepole, "Binti yake yuko darasa la nane."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Shule yao inafanya mtihani huu huu. Amechukua Sayansi akampelekea mtoto, halafu akaharibu ili tusijue."

Nilisema sidhani, lakini nilisema kwa sauti ya mtu asiye na hakika, na hilo nalo ni kosa langu. Akamwita Mama Sella mbele ya wote. Akamuuliza kama ni yeye aliyezima mashine. Mama Sella akasema, "Nilizima yangu, Mwalimu, kama kawaida." Hakuelewa anakiri nini. Akaambiwa achukue mkoba wake aende nyumbani, na kwamba Jumatatu barua itakwenda shuleni kwa binti yake, ili Sella asiruhusiwe kuufanya mtihani. Mama Sella alichukua mkoba. Akakivuta kitambaa chini ya kibodi, akakikung'uta, akakitia ndani. Hakulia. Alipopita meza yangu alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mmewahi kukosana lini.

Jumamosi tulifanya kazi nusu siku. Watu walipoondoka nilikaa kwenye meza ya Mama Sella, nikaingia kwa jina la majaribio nililolipa uwezo ule ule wa wachapaji. Nilitaka kuona mtu aibaje mtihani mahali pasipo na disketi. Nikafungua menyu. Pale chini, mahali ambapo wiki nzima iliyotangulia palikuwa na Toka peke yake, palikuwa na Zima.

Uwezo wa fundi niliowapa Jumatatu ulikuja nayo. Nilikwenda kwenye seva nikachapisha kurasa zote za wiki, zile ambazo Ijumaa sikujisumbua kuzitazama. Jumatatu saa kumi na moja, imezimwa na msichana wa dirishani. Jumanne saa kumi na moja, na mtu wa safu ya ukutani. Jumatano, na mwingine tena. Wote walikuwa wanamaliza kazi kwa pamoja, wote wanabonyeza Zima kama nilivyowafunza, na aliyewahi alikuwa anazima jiko zima. Skrini zinakuwa nyeusi kwa pamoja, kila mmoja anadhani ni yake iliyomtii, wanakwenda nyumbani. Kosa la Mama Sella lilikuwa kwaya. Alimaliza saa moja kabla ya wenzake, na skrini yake ilipokuwa nyeusi aliinuka akatoka bila kugeuka.

Niseme ukweli: nilizirudisha ruhusa zote mahali pake kabla sijatoka, isipokuwa ya lile jina la majaribio, nililolisahau, na niliporudi nyumbani nikipita Mutindwa nilijiambia kwamba basi, imerekebishwa. Hakuna atakayejua. Nilikula, nikaoga, nikafua. Jumapili kanisani nikaiona kwaya imesimama, sauti ya pili ina pengo. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa naona aibu kiasi kwamba nilimpisha kila mtu atoke kwanza.

Jumatatu nilifika kabla ya kengele. Barua ilikuwa mezani kwa Mwalimu, ndani ya bahasha, bado haijafungwa. Nikamweleza. Nikamwonyesha kurasa. Akasukuma miwani juu, akasema, "Mwende, nyinyi vijana mna huruma. Mtu wa miaka ishirini kazini hawezi kuzima mashine ya watu wote bila kujua."

Nikamwomba aje ukumbini. Maombi yalikuwa yameisha na watu wameingia. Nikawaambia wahifadhi kazi zao na wainue mikono. Nikamketisha Mwalimu kwenye meza ya Mama Sella, nikamwingiza kwa jina la majaribio, nikamwambia aandike sentensi moja. Akaandika, kwa vidole viwili, kwamba leo ni Jumatatu. Kisha nikasema, "Sasa umemaliza kazi, Mwalimu. Funga mashine yako, kama unavyofunga ile ya ofisini kwako."

Hakusita hata kidogo. Akaenda kwenye menyu, akachagua Zima, akakunja mikono, akasubiri. Skrini yake ikawa nyeusi. Akanigeukia kusema kitu, akasikia ule ukimya. Akatazama safu ya dirishani, akatazama safu ya ukutani. Skrini kumi na mbili nyeusi na watu kumi na mmoja wanamtazama. Hakuna aliyecheka.

"Nimezima zote?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Ni mimi niliyewapa uwezo huo. Hawakuuomba na sikuwaambia."

Aliinuka. Kisha akarudi ofisini, akaichana bahasha na kilichomo, akaniambia bila kunitazama, "Karatasi uliileta wewe. Nenda ukamlete wewe."

Nilimkuta Mama Sella uani, anaanua nguo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti. Alisikiliza mpaka mwisho huku anakunja sare ya Sella. Kisha akasema, "Nilisubiri mpaka ikawa nyeusi. Ulisema tusubiri."

"Ndiyo, nilisema."

"Kwenye ile karatasi, jina langu uliliandika. Na lako?"

Nikasema mashine ndiyo iliyoandika. Hata kabla sijamaliza nikalisikia lilivyo jibu baya. Nikamkumbuka Mzee Wafula anateremka ngazi na kitambaa mkononi. Mashine ilikuwa imeandika upande mmoja, upande wa meza. Upande wa chumbani, nani alitoa ruhusa, lini, kwa nini, haukuandikwa, na mwenye kuujua nilikuwa mimi peke yangu. Nikamwambia anisamehe. Akasema atakuja kesho, leo ana nguo.

Jioni hiyo nilinunua daftari jekundu la kurasa mia, la shule, nikalifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza ya seva. Sella aliufanya mtihani wake. Sayansi tuliichapa upya, na aliyepewa kazi hiyo alikuwa mama yake, kwa amri ya Mwalimu, mlango wazi na watu wote wanaona. Lakini hilo lilikuwa baadaye. Asubuhi ya Jumanne Mama Sella alipofika, kabla ya kengele, nilimpeleka chumbani nikampa daftari asome mstari wa kwanza. Niliandika hivi: "Mimi Mwende niliwapa wachapaji wote kumi na wawili uwezo wa kuzima seva, kwa sababu nilikuwa na haraka. Sikuwaambia. Mama Sella alizima kama nilivyomfunza."

Alisoma kama anavyosoma karatasi ya mtihani kabla haijaenda kuchapishwa, kidole chini ya mstari. Akachukua kalamu sikioni mwangu, akaongeza tarehe, ambayo nilikuwa nimeisahau. Kisha akanirudishia kalamu.

"Weka sahihi," akasema.

Nikaweka.